Injini Iliyozimwa kwa Ajili ya Sala

Misitu ya mlima ule ilikatwa, ikapandwa, ikakua, ikakatwa tena, na katika muda wote huo mtu mmoja aliendelea kuonekana akipita chini yake. Kwanza alikuwa kijana aliyebeba mnyororo wa kupimia ardhi begani. Kisha akawa mpimaji kamili, mwenye darubini yake na wasaidizi nyuma yake. Hatimaye akawa mzee aliyestaafu, mwenye kofia iliyopauka na gari la dizeli lililopauka kuliko kofia. Watu walimwita Kigingi, kwa kuwa katika mji wao mdogo hakikuwapo kiwanja ambacho mkono wake haukupigilia kigingi cha mpaka.

Gari lile alilipata mwaka aliostaafu, idara yake ilipoyauza magari yake makuukuu. Lilikuwa na milango miwili tu ubavuni na mmoja mdogo nyuma, na magurudumu ya nyuma yalikaribiana mno na ya mbele, hata mtu akilitazama kwa ubavu hudhani kuna kipande kilichosahauliwa kiwandani. Nyuma hapakuwa na viti vya kawaida bali mabenchi mawili yanayotazamana, ambapo abiria hukaa wakigongana magoti. Kando ya gia palikuwa na wenzo mdogo ambao ukivutwa, magurudumu yote manne huvuta kwa pamoja. Watoto wa mtaani walilipa jina la Mbuzi, maana likipita juu ya jiwe huruka mbele kwanza, kisha nyuma, na abiria naye huwa na miruko yake mwenyewe katikati ya hiyo miwili.

"Mzee Kigingi," fundi viatu wa jirani alizoea kumchokoza kila asubuhi, "huyo Mbuzi wako ananiharibia biashara. Watu wakipanda humo miguu yao haigusi chini. Sasa viatu vitachakaa lini?"

"Panda wewe uone."

"Nipande? Uti wa mgongo ninao mmoja tu, mzee wangu, na nimeuzoea."

Kigingi alicheka, kwa sababu aliyajua ya gari lake kuliko wanaolicheka. Alijua kwamba katika kichochoro ambamo malori yalikwama yakitafuta pa kugeuzia, lake liligeuka mahali pa kutandika mkeka. Alijua pia aibu zake. Gari refu dereva akikosea humpa nafasi ya kujirekebisha, lakini hili fupi humwajibisha papo hapo: ukikanyaga breki kwenye tope huku unateremka, mkia wake hutaka kumpita kichwa. Kwa hiyo alijizoeza kuteremka kwa gia ya kwanza, mguu ukiwa mbali na breki, akiiacha injini yenyewe ilizuie gari, huku akilisemesha taratibu kama mtu anayempoza mgonjwa.

Mkewe alikuwa mshonaji. Walioana wakiwa vijana, wakajaliwa binti mmoja, ambaye alikuja kuwa mwalimu wa shule ya msingi na aliendelea kuishi nao. Ndani ya nyumba yao palikuwa na desturi moja iliyowekwa na mama huyo tangu siku za mwanzo za ndoa. Mmoja wao akisimama kusali, kila kinachonguruma hunyamazishwa. Redio huzimwa, cherehani huachwa katikati ya mshono, na gari likiwa linawaka uani, nalo huzimwa. "Mtu akizungumza na Mola wake," alisema mama yule, "vyuma vingoje." Kigingi alikuwa mwepesi wa desturi hiyo kuliko wote. Kwa miaka mingi mkono wake ulizoea kwenda kwenye ufunguo mara tu amwonapo mkewe akijitanda mtandio, na ulikuwa ukienda bila kumwuliza.

Kisha mama yule akaugua figo. Miguu ilianza kuvimba, uso ukafuata, na madaktari wakasema kwamba damu yake itabidi isafishwe kwa mashine mara mbili kila wiki, maisha yake yote yaliyosalia. Mashine hiyo ilikuwa katika hospitali ya mji mkubwa, ng'ambo ya mlima. Basi Kigingi akawa dereva wa mkewe. Alimshonea godoro dogo juu ya kiti cha mbele, akaondoa upepo kidogo kwenye matairi ili Mbuzi apunguze kuruka, akajifunza kila shimo la barabara kuu kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake. Waliondoka asubuhi na kurejea jioni, binti yao akiwasindikiza kila alipopewa ruhusa shuleni, na kwa muda mrefu mambo yakaenda.

Mwaka wa masika makali ndio uliowavunja. Mto ulibeba daraja la barabara kuu, na njia pekee iliyobaki ilikuwa ile ya zamani ya wakata magogo, inayopanda mlima kwa kujipinda na kushuka upande wa pili, ukuta wa udongo mkono mmoja na korongo mkono mwingine. Mabasi hayakuthubutu. Malori mawili yalijaribu, yakakwama, yakavutwa kurudi. Gari fupi lenye magurudumu manne yanayovuta liliweza kupita, ikiwa dereva analijua.

Tena katika siku hizo hizo stata, inayoiwasha injini, ikafa. Fundi magari aliifungua, akaitazama, akaifunga tena.

"Hii haitengenezeki, mzee. Nimeagiza nyingine, lakini daraja ndilo hilo, itapita wapi? Wewe liegeshe kwenye mteremko, liteleze, liwake lenyewe. Ila njiani usizime. Ukizima, umezima."

"Nimekuelewa."

"Nakuambia tena kwa sababu nakupenda. Usizime."

Siku inayosimuliwa hapa ilikuja baada ya mvua kuwazuia kwenda zamu moja nzima. Mama yule alikuwa amejaa maji mwilini. Pete haikuzunguka tena kidoleni, na usiku aliupitisha akiwa ameketi, kwa kuwa akilala pumzi haipatikani. Mvua ilipopungua asubuhi, hawakujadiliana. Binti alimshika mama yake upande mmoja, baba upande wa pili, wakamketisha juu ya godoro lake. Mbuzi aliteleza kwenye mteremko wa mtaa, akakohoa moshi, akawaka. Fundi viatu alitoka nje na sindano mkononi, akaona uso wa mama yule, na siku hiyo hakutania. Aliinua mkono tu.

Njia ya magogo ilikuwa imegeuka uji. Kigingi aliunganisha magurudumu yote manne, akapanda kwa gia ya pili, polepole, bila kusita na bila kuongeza, kwa maana tope humsikia dereva anayebadili nia. Usukani ulitetemeka mikononi mwake. Kila tairi lilipoingia kwenye mfuo wa zamani, gari lilirusha pua juu, kisha likaketi kwa kishindo, na kila kishindo kikatoa sauti ndogo kifuani mwa mkewe. Kigingi alianza kuisikia sauti ile kuliko alivyoisikia injini.

"Pole, mama," alisema.

"Endesha wewe," mkewe alijibu. "Pole zako hazijazi shimo."

Walipita kona moja, wakapita ya pili. Karibu na kileleni mama yule aliegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mzee, simama kidogo. Nataka nisali."

"Mama!" binti alisema kutoka nyuma. "Si utasali tukifika? Mungu si anaona hali yako?"

"Anaiona, ndiyo maana. Mwanangu, sijui kama nitafika. Niache nisali wakati bado najua ninachokisema."

Kigingi alitafuta mahali ambapo njia inatulia kidogo kabla ya mpando wa mwisho, akasimama, akavuta handibreki. Binti aliruka chini, akaweka jiwe kubwa nyuma ya gurudumu. Mama yule akaketi wima kadiri alivyoweza, akajitanda mtandio, akainua mikono iliyovimba.

Na mkono wa Kigingi ukaenda kwenye ufunguo.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko mlima. Matone yalisikika yakidondoka kutoka majanini juu ya bonneti ya moto, na sauti ya mkewe ikinong'ona maneno ya sala. Binti, aliyekuwa bado amesimama kwenye tope, alisogea hadi dirishani mwa dereva. Alimtazama baba yake, akautazama ufunguo, akamtazama baba yake tena.

"Baba," alinong'ona. "Umezima?"

Kigingi aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeingia garini bila kualikwa.

"Baba, umezima!"

"Usimkatishe mama yako," ndilo neno pekee lililomtoka.

Wakamngojea. Katika maisha yake Kigingi alikuwa amengojea mengi: mvua iishe porini, mishahara iliyochelewa, mtoto aliyekataa kuzaliwa hadi siku ya tatu. Lakini hakuwahi kungojea kitu kizito kama mwisho wa sala ile, ambayo mkewe aliisali bila haraka, akipumzika kati ya neno na neno ili avute hewa. Alimsikia akimwombea binti yao. Alimsikia akimwombea yeye, kwa jina lake la utotoni ambalo hakuna mwingine duniani aliyebaki kulijua. Jasho lilimteremka mgongoni, na mlimani palikuwa na baridi.

Alipomaliza, mama yule alifungua macho.

"Mbona kimya?"

"Nimezima," Kigingi akasema.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unasali."

Mkewe alimgeukia. Kisha jambo fulani likatetemeka pembeni mwa mdomo wake, lisijulikane ni kicheko au ni kilio. "Ewe mwanamume," alisema. "Mambo yote niliyokufundisha, kumbe hilo ndilo ulilolishika!"

Kigingi aligeuza ufunguo. Kitu kidogo kiligonga mara moja chini ya bonneti, kikanyamaza. Akageuza tena, sauti ile ile. Simu ya binti haikuonyesha mawasiliano. Njia nzima haikuwa na alama ya tairi isipokuwa zao wenyewe, na mji wa kwanza upande ule ulikuwa mbali hata kwa mtu mzima mwenye afya anayetembea mahali pakavu.

"Nikimbie nikatafute watu," binti alisema.

"Utawapata jioni. Mama yako hana jioni." Kigingi alilisema neno hilo kabla ya kulipima, na lilipokwisha kutoka hakuweza kulirudisha. Mkewe alijifanya hakusikia.

Kigingi alishuka, akalizunguka gari. Mbele palikuwa na mpando, na watu watatu, mmoja wao akiwa mgonjwa, hawasukumi gari mpandoni. Nyuma palikuwa na mteremko walioupanda: ulinyooka kwa kipande kifupi, kisha ukajipinda, na kwenye kona hiyo ukingo ulikuwa umemomonyoka, na chini yake ni korongo. Injini ya dizeli haidai stata. Hudai kuzungushwa tu, na magurudumu yanaweza kuizungusha, hata kwa kurudi nyuma, kama gia ya rivasi imeingizwa na klachi ikaachwa gari likiwa kasini. Aliyajua hayo. Alijua pia kwamba injini ikiwa imezimwa breki huwa ngumu kama gogo, na kwamba gari fupi likirudi nyuma kwenye tope linaweza kugeuka kabla dereva hajasema neno.

"Shuka, mama," alimwambia mkewe. "Tutakushika. Ukae pale kwenye jiwe, nilirudishe peke yangu."

"Sishuki."

"Mke wangu, nakuomba."

"Mkinishusha kwenye baridi hiyo nitakufia hapo kwenye tope. Nimekaa. Likianguka, tumeanguka. Miaka yote hii unanirudisha nyuma, leo ndiyo umeogopa?"

Binti aliangua kicheko kilichogeuka machozi kabla hakijaisha. Akajifuta kwa kiganja chenye tope, akaenda kusimama kwenye kona, upande wa ukuta, ili amwongoze baba yake kwa mikono.

Kigingi aliingia. Aliingiza rivasi, akakanyaga klachi, akamwomba Mola moyoni. Akaachia handibreki, gari likarudi hatua moja, likapanda juu ya lile jiwe, likalipita. Likaanza kuteleza taratibu. Alihofia, na kwa kuhofia akaachia klachi mapema. Mbuzi alishtuka, magurudumu yakafunga, gari likaburuzwa na mkia ukaanza kuelekea korongoni. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lilisimama likiwa limekaa mshazari, kimya kile kile, na nusu ya mteremko ulionyooka ilikuwa imekwisha.

"Baba!" binti alipiga kelele. "Imebaki kidogo! Kidogo sana!"

Kigingi alitaka kushuka. Alitaka kukaa pale chini, achukuliwe yeye badala ya mwingine yeyote. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya kupima: hakuna alichokiachia kabla ya kukijua urefu wake. Sasa aliombwa aachie, na aachie kwa kasi, kuelekea ukingo ambao kwa uzito wa gari hili hakuna mwenye kujua kipimo chake.

Mkewe aliweka mkono wake uliovimba juu ya goti la Kigingi. Miaka yote hakuwahi kumgusa akiendesha.

Aliunyoosha usukani, akakanyaga klachi, akaachia breki, akaliacha gari lianguke nyuma. Safari hii hakulizuia. Miti ilianza kukimbia kwenda mbele, binti akapungia kulia, kulia, kisha akaacha kupunga akajiziba uso. Kigingi aliingoja kasi mpaka ikatosha, ndipo akauinua mguu kwenye klachi. Gari lilipiga chafya moja kubwa. Moshi mweupe ukafunika kioo cha nyuma. Injini ikakohoa, ikasita, ikanguruma, na kwa kuwa ilikuwa kwenye rivasi ikaanza kuwasukuma yenyewe kuelekea ukingoni. Akakanyaga klachi na breki pamoja, na breki, ambayo sasa injini iliisaidia, ikatii. Gurudumu moja la nyuma lilisimama kwenye majani ya ukingo, na udongo ukasikika ukidondoka chini kwa muda mrefu.

Binti aliingia kwa nyuma bila kuambiwa, akafunga mlango, akaushika mgongo wa kiti cha mama yake kwa mikono miwili. Kigingi aliingiza gia ya kwanza na kupanda.

Walifika hospitalini jua likiwa limekwisha kuelekea magharibi. Muuguzi wa mashine alikuja mlangoni amekunja uso.

"Mzee, zamu yenu imepita. Mngepiga simu hata—" Kisha akamwona mama yule mikononi mwa binti yake, akaacha maneno njiani, akaita kitanda cha magurudumu kwa sauti iliyowafanya wengine wakimbie. Maji yalikuwa yamekwisha kufika kwenye mapafu. Mgonjwa mwingine, mwanamume ambaye hawakuwahi kujuana naye, alikubali kungoja ili mama yule apewe mashine yake.

Jioni, pumzi iliporejea, walimruhusu Kigingi aingie. Alisimama kando ya kitanda, suruali imekauka tope hadi mapajani, asijue aweke wapi mikono.

"Daktari ameniuliza kwa nini tumechelewa," mkewe alisema kwa sauti ya chini.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia njia mbaya."

"Ungemwambia nilizima."

"Nawe ungemwambia nilikuomba usimame." Akafumba macho. "Basi, lawama tuiachie njia."

Daktari alishauri wabaki mjini hadi mvua ziishe. Lakini wodi zilijaa, na ndugu mjini pale hawakuwa nao. Kesho yake asubuhi wahudumu wa hospitali walilisukuma gari, likawaka, na wakarudi kwa njia ile ile, kwa sababu nyingine hapakuwa. Siku ya zamu iliyofuata wakapanda tena, na iliyofuata tena. Daraja bado halijajengwa. Kigingi hajamwambia mtu kwamba sasa anaogopa. Kabla ya kona ya kwanza hukaza mikono kwenye usukani ili isionekane ikitetemeka, na mkewe, ambaye anaiona, hugeuka akatazama misitu.

Ewe Mola mwenye rehema, uliyeujua kila mpando kabla haujapandwa, mtie nguvu mzee huyu katika mikono yake, na macho yake uyabakishie nuru. Mpe mkewe pumzi pana na siku zilizo nyepesi. Mhifadhi binti yao, usimwonyeshe tena alichokiona kwenye kona ile, na yule mgonjwa aliyetoa zamu yake umlipe kwa afya. Uwafungulie njia, uwarudishe nyumbani salama, wao na wote walio wao. Amina.